Kadirio la Lenzi Bandia ya Jicho na Neno la Kulieleza: Mfano wa Kosele

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili jambo moja la tiba ya macho ambalo hadi sasa limeandikwa zaidi kwa lugha za kigeni, nalo ni namna daktari anavyokadiria, kabla ya kupasua, jinsi mtu atakavyoona baada ya kutiwa lenzi bandia, na sababu zinazofanya kadirio hilo mara nyingine lisitimie. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la lugha. Uhusiano upo, na ni mkubwa kuliko nilivyodhani mwenyewe kabla ya kulichunguza. Nitajaribu kuonyesha kwamba usahihi wa hesabu hii hautegemei mashine peke yake; kwa sehemu unategemea neno analoambiwa mgonjwa, na neno hilo likikosewa hesabu yenyewe huharibika baadaye.

Mfano wangu nimeutoa Kosele, upande wa Rachuonyo katika kaunti ya Homa Bay, si mbali na mji wa Oyugis. Wenyeji wa huko ni Wajaluo, na lugha ya nyumbani ni Dholuo. Msemaji wa Kiswahili afikapo huko kwa mara ya kwanza hukutana mapema na jambo la kumshangaza: sauti zile zile anazozijua kuwa ni *neno*, yaani tamko lenye maana, katika Dholuo ni kitenzi chenye maana ya kuona. Hapana udugu wowote baina ya maneno hayo mawili. Ni bahati tu ya sauti kugongana. Lakini kwa anayeandika juu ya macho na juu ya maneno, ni bahati ambayo si rahisi kuipita kimya.

Mama mzee mmoja, jirani ya nyumbani kwetu, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alipelekwa hospitali, nje ya eneo letu, akapasuliwa jicho la kulia na kutiwa lenzi bandia. Kabla ya kupasuliwa, mhudumu alimweleza kwa Kiswahili, na mjukuu wake wa kiume akawa mkalimani. Mhudumu alisema maneno mengi: kwamba wamepima, kwamba wanakadiria ataona vizuri vitu vya mbali, kwamba kwa vitu vya karibu huenda akahitaji miwani, na kwamba arudi baada ya majuma kadhaa apimwe tena. Mjukuu aliyakusanya yote hayo katika maneno mawili ya Dholuo: *Ibiro neno*. Utaona.

Aliporudi nyumbani mama huyo aliwaona ng'ombe waliokuwa wakilisha ng'ambo ya bonde, akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Lakini alipoketi kuchagua mawe katika maharage hakuyaona, na uzi haukuingia katika tundu la sindano. Akasema amedanganywa. Hakurudi kupimwa, na jirani yake aliyekuwa akingoja kuona matokeo kabla ya kwenda yeye mwenyewe alikaa nyumbani na upofu wake.

2. Hesabu ya lenzi

Nuru iingiapo jichoni hupindwa kwanza na konea, yaani kile kioo cha mbele, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni, na yapasa miale ikutane juu ya retina, ukuta wa nyuma wenye kupokea picha. Nguvu ya kupinda nuru hupimwa kwa dayopta. Lenzi ya dayopta 1 hukutanisha miale sambamba umbali wa mita 1 kutoka kwayo, ya dayopta 2, nusu mita, na kadhalika. Konea ya mtu wa kawaida ina nguvu ya kama dayopta 43, na lenzi kama 20. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Dawa yake ni kuiondoa, na jicho lililoondolewa lenzi limepungukiwa na zile dayopta zake.

Zamani upungufu huo ulijazwa kwa miwani mizito ya kama dayopta 10. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hali iliendelea kuwa hivyo hadi miaka ya 1990. Miwani hiyo ilivikuza vitu kwa kadiri ya robo nzima, hata mtu akanyosha mkono kupokea kikombe akakosa. Na ilipovunjika au kupotea, mwenyewe alirudi karibu kabisa na upofu wake wa kwanza.

Wazo la kuweka lenzi bandia ndani ya jicho lilitekelezwa mara ya kwanza na Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, tarehe 29 Novemba 1949. Inaelezwa kwamba alikuwa amewachunguza marubani wa vita waliojeruhiwa na vipande vya Perspex, ile plastiki ngumu ya madirisha ya ndege, akaona kwamba jicho linaweza kukaa na plastiki hiyo bila kuikataa. Basi akaagiza lenzi ya plastiki hiyo, yenye umbo la kufuata lile la lenzi ya asili. Upasuaji ulifaulu. Hesabu haikufaulu. Mgonjwa wake wa kwanza alibaki akihitaji miwani ya dayopta 18 za kupunguza nguvu, kiasi ambacho mtu wa namna hiyo haoni wazi ila kitu kilicho karibu kugusa pua yake.

Sababu yake tunaweza kuieleza kwa lugha yetu wenyewe tulio walimu wa tafsiri. Ridley alifanya tafsiri sisisi. Alilinakili umbo bila kujali kwamba kitu kilichotumika kulijenga ni kingine: plastiki hupinda nuru kuliko lenzi ya asili, kwa hiyo umbo lile lile katika kitu kipya likatoa nguvu nyingi kupita kiasi. Kilichotakiwa ni kulinganisha athari, si umbo.

Kutokana na hayo ilidhihirika kwamba nguvu ya lenzi lazima ihesabiwe kwa kila jicho peke yake. Svyatoslav Fyodorov na mwenzake, katika Umoja wa Kisovyeti, walitoa kanuni ya hesabu hiyo mwaka 1967, wakitegemea sheria za nuru. Njia nyingine, iliyoenea sana kwa wepesi wake, ilitolewa mwaka 1980 na Wamarekani watatu, Sanders, Retzlaff na Kraff. Hawa hawakuanza na sheria za nuru bali na matokeo ya wagonjwa wengi waliokwisha kupasuliwa. Kanuni yao ni hii, nami nimeziacha herufi kama walivyoziandika wenyewe:

P = A − 2.5L − 0.9K

Hapa P ni nguvu ya lenzi inayotafutwa, L ni urefu wa jicho kwa milimita kutoka mbele hadi nyuma, na K ni nguvu ya konea. Tuchukue mfano. Jicho lina urefu wa milimita 23.5, konea yake ni dayopta 43.5, na A ya lenzi iliyochaguliwa ni 118.4. Kutoka 118.4 tunatoa 58.75, kisha 39.15, tunabaki na 20.5. Hiyo ndiyo lenzi ya kuweka. Jicho jingine lililo sawa na hilo katika kila kitu, ila lina urefu wa milimita 22, litahitaji 24.25. Msomaji ataona mara moja hatari ya zile kambi za upasuaji za zamani ambazo, kwa kukosa vipimo, ziliwatia watu wote lenzi ya nguvu moja.

Kanuni hiyo ya 1980 hupotoka katika macho mafupi sana na marefu sana, ndiyo maana zilifuata nyingine: ya Holladay mwaka 1988, ile iitwayo SRK/T mwaka 1990, ya Hoffer mwaka 1993, na baadaye ya Barrett na nyinginezo zifanywazo kwa kompyuta. Sina haja ya kuzieleza moja moja. Lililo muhimu kwetu ni herufi A, ambayo imebaki katika nyingi ya hizo kwa sura moja au nyingine.

L na K hupimwa katika jicho la mgonjwa. A haipimwi katika jicho lolote. Mtengenezaji wa lenzi hutoa A ya kuanzia. Kisha kila mpasuaji hutakiwa kuisahihisha kwa kutazama wagonjwa wake waliotangulia, walivyokadiriwa na walivyotokea. Ikiwa wengi wao walitokea na nguvu pungufu kuliko ilivyokusudiwa, A huongezwa kidogo. A ni kumbukumbu ya waliopita, na kila anayepasuliwa leo hupimiwa kwa msaada wao.

3. Kosa hutoka wapi

Tofauti kati ya miwani ambayo mgonjwa anahitaji hasa baada ya kupona na ile iliyokadiriwa kabla, nitaiita kosa la kadirio. Chanzo chake cha kwanza ni kipimo cha urefu. Katika kanuni tuliyoiona, milimita 1 ya kosa husogeza lenzi kwa dayopta 2.5; sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa robo dayopta. Mashine za mawimbi ya sauti zinazogusa jicho zina ila mashuhuri: mkono wa mpimaji ukikaza kidogo, konea hubonyea, jicho huonekana fupi kuliko lilivyo, hesabu hudai lenzi yenye nguvu zaidi, na mgonjwa huishia kuona vitu vya karibu tu. Tangu mwaka 1999 zimekuwapo mashine zinazopima kwa nuru bila kugusa jicho, nazo ni sahihi zaidi. Lakini nuru haipiti katika mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa, na huko mashambani watu wengi hufika hospitali akiwa amekwisha kukomaa. Basi mara nyingi ni wale waliochelewa zaidi ambao hurudishwa kwenye mashine ya kugusa, na kwenye mkono wa mpimaji.

Chanzo cha pili, kilicho kigumu zaidi, ni makao ya lenzi. Lenzi bandia haikai mahali palepale ilipokaa ya asili. Ni nyembamba zaidi, na mfuko inamowekwa hujikaza jinsi unavyopona. Ikikaa mbele kidogo, nguvu yake huzidi. Ikikaa nyuma, hupungua. Hapana mashine iwezayo kupima leo mahali ambapo lenzi itakaa baada ya mwezi. Hapo kila kanuni hulazimika kukisia, na tofauti kubwa kati ya kanuni za zamani na za sasa ni ubora wa kukisia huko. Sverker Norrby, katika uchunguzi wake wa mwaka 2008, aligawa lawama hivi: makao ya lenzi asilimia 35, upimaji wa miwani baada ya upasuaji asilimia 27, urefu wa jicho asilimia 17. Tutazame vizuri hiyo ya katikati. Zaidi ya robo ya kosa haitokani na lenzi wala na hesabu, bali na ule upimaji wa mwisho, ambapo mtu huulizwa herufi zinaonekanaje naye hujibu.

Yafaa kutaja pia namna ya kujumlisha makosa, kwa sababu wastani hudanganya kwa urahisi. Ikiwa mmoja amezidishiwa dayopta 2 na mwingine amepunguziwa 2, wastani wa makosa ni sifuri, na wote wawili hawaoni vizuri. Kwa hiyo wachunguzi hutupa alama za kujumlisha na kutoa na kutazama ukubwa wa kosa peke yake, au huhesabu ni wagonjwa wangapi walioangukia ndani ya mipaka fulani. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza walipendekeza kiwango hiki: angalau asilimia 55 ya wagonjwa wawe ndani ya nusu dayopta, na asilimia 85 ndani ya dayopta 1. Yaani hata katika nchi yenye vifaa vyote ilikubaliwa kwamba wagonjwa 15 katika 100 wangeweza kukosewa kwa zaidi ya dayopta nzima bila daktari kulaumiwa.

Jambo hili la mwisho ndilo ambalo *utaona* haliwezi kulibeba.

4. Tabiri, bashiri, agua, kadiria

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya kusema lijalo. Shida ni kwamba kila moja limekuja na mzigo wake.

*Tabiri* limetokana na Kiarabu, ambako lilihusu kufasiri ndoto. Kwa Kiswahili mtabiri ni mtu aliyefunuliwa jambo, na ingawa wenye kueleza hali ya hewa wamelizoesha neno hili kwa mambo ya vipimo, bado utabiri ama ni wa kweli ama ni wa uongo. Hauna nusu dayopta. *Bashiri* asili yake ni kuleta habari njema, na siku hizi limechukuliwa na wacheza kamari ya mpira, jambo linaloliharibia heshima mbele ya mgonjwa anayekaribia kupasuliwa. *Agua* ni la Kibantu, nalo linavutia kuliko yote, maana linaunganisha kutazamia na kutibu katika kitendo kimoja: mwaguzi husema lililofichika, na katika kulisema ameanza kulitibu. Ningependa sana kulitumia. Nakiri hata hivyo kwamba leo neno hilo haliachani na ramli, na daktari hatashukuru kuitwa mwaguzi. *Kisia* ni jepesi mno. Mgonjwa akiambiwa lenzi yake imekisiwa, atavaa viatu aondoke.

Limebaki *kadiria*. Nalo si safi kabisa, kwa kuwa shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa *kadari*, lile lililokwisha kuandikwa na Mungu, lisilobadilika. Lakini matumizi yameshinda asili. Kila mwaka serikali zetu husoma makadirio ya mapato na matumizi, na hakuna raia anayetazamia kwamba shilingi zitatokea sawasawa na zilivyosomwa. *Kadirio* kwa msemaji wa leo ni tarakimu iliyopatikana kwa kipimo, yenye kuaminika, na yenye nafasi ya kupungua au kuzidi. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Napendekeza kwa hiyo *kadirio la lenzi*, *kosa la kadirio*, na *makao ya lenzi* kwa pale itakapokaa baada ya kupona. Kwa kile daktari anachokusudia kumwachia mgonjwa, *lengo* latosha.

Hilo la lengo nalo halina budi kusemwa na mgonjwa, kwa kuwa ni uchaguzi. Lenzi bandia ya kawaida haibadili umbo kama ile ya ujana. Huona wazi umbali mmoja. Daktari aweza kuchagua lenzi ya kumwonyesha mtu ng'ambo ya bonde, au kumwachia kwa makusudi dayopta 2 za kuona karibu, akaona wazi kitu kilicho nusu mita kutoka usoni: maharage katika ungo, sindano, ukurasa wa kitabu. Mchunga ng'ombe na mshona nguo si lazima watake jicho la namna moja. Hospitali nyingi huchukulia tu kwamba kila mtu anataka kuona mbali.

5. Kurudi hospitali

Baada ya zaidi ya mwaka, mama mzee yule alikubali kupelekwa tena, kwa ajili ya jicho la pili lililokuwa limekwisha kufunga. Lile la kwanza lilipimwa, na kosa la kadirio likaonekana kuwa robo dayopta. Hesabu ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kwa vipimo vyote vya London alikuwa miongoni mwa wale waliofanikiwa, na muda wote huo yeye aliishi akiamini amedanganywa. Wala mafanikio yake hayakuwa yameandikwa popote: kwa kuwa hakurudi, mstari wake katika daftari ulikuwa mtupu.

Mstari mtupu si jambo dogo. Tumekwisha kuona kwamba A husahihishwa kwa matokeo ya waliotangulia. Wasiporudi, mpasuaji hubaki na A ya kiwandani, iliyopatikana kwa macho ya watu wengine na mikono ya wapasuaji wengine, na kosa lile lile huendelea kurudiwa bila mtu kulijua. Tena, wasiorudi si kama wanaorudi: mmoja hukaa nyumbani kwa sababu ameridhika, mwingine kwa sababu amekata tamaa, na daftari haliwezi kuwatofautisha. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo kwamba ifikapo 2030 utoaji wa upasuaji huu wenye matokeo mema uwe umeongezeka kwa pointi 30 za asilimia, na matokeo mema yakafafanuliwa kuwa jicho lililopasuliwa liweze kuona 6/12 au zaidi. Haitoshi tena kuhesabu waliopasuliwa. Lazima wapimwe baadaye. Na katika Kenya, ambako Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ombi la kurudi mara nyingi hutolewa kwa lugha yetu, kisha huvuka kwenda lugha ya tatu kupitia kinywa cha mjukuu.

Kwa jicho la pili kuna faida ambayo la kwanza haikuwa nayo. Macho mawili ya mtu mmoja hufanana, na kosa lililotokea katika la kwanza laweza kutumiwa kurekebisha la pili. Wengi hurekebisha kwa nusu ya kosa hilo. Kwa mama huyu hapakuwa na la kurekebisha. Mhudumu, ambaye safari hii alikuwa mwingine, alimwuliza kwanza anafanya kazi gani mchana, akajibiwa kwamba anachagua maharage na kulinda vifaranga dhidi ya mwewe. Wakakubaliana jicho la pili liachiwe nguvu kidogo ya karibu, na miwani ya kusomea itolewe kwa kazi ya ungo.

Kisha mhudumu alimgeukia mjukuu, akamwambia: "Sasa mweleze nyanya, halafu nawe unirudishie kwa Kiswahili yale uliyomwambia." Kijana alianza kwa *ibiro neno*, akanyamaza, akafikiri. Akaanza upya, akataja ng'ombe wa ng'ambo, akataja maharage, akataja mwewe, akataja siku ya kurudi. Alichukua muda mrefu kuliko mhudumu mwenyewe.